Kinga ya Meno ya Mchezaji wa Hoki

1. Kinga iliyolala ndani ya soksi

Katika nchi ya Ubelgiji watoto wengi hucheza hoki. Siku isiyo ya masomo, asubuhi, huonekana wakienda kiwanjani, fimbo begani, kila mmoja na mfuko wake. Ndani ya mfuko mna viatu, mna vikinga vya miguu, mna chupa ya maji, tena mna kisanduku kidogo cha plastiki. Katika kisanduku hicho mna kitu chepesi, kilichopindika kama mwezi mchanga. Kitu hicho ni kinga ya meno.

Fikirini mtoto mmoja wa miaka 10. Mama yake alimnunulia kinga dukani, naye siku ya kwanza aliivaa kwa furaha. Lakini kinga ile ilikuwa kubwa. Akifungua kinywa, ilianguka. Akitaka kusema, ulimi ulikwama. Akikimbia, alipumua kwa shida, na ncha za nyuma zilimgusa karibu na koo hata akataka kutapika. Basi, mwalimu wa mchezo alipomtazama, mtoto aliivaa. Mwalimu alipogeuka, aliitoa akaificha ndani ya soksi.

Siku moja mpira uligonga fimbo ya mwenzake, ukaruka juu, ukampiga mdomoni. Mdomo ulipasuka, damu ikatoka. Jino moja la mbele lilikatika nusu. Na kinga je? Kinga ilikuwa ndani ya soksi, nzima kabisa, haina hata alama.

Wengine watasema: «Kosa ni la mtoto. Hakusikia neno la mwalimu wake.» Ni kweli, hakusikia. Lakini kosa la kwanza lilifanyika dukani, siku ile kinga iliponunuliwa bila kuangaliwa vizuri. Kwa maana kinga inayoumiza haivaliwi; na kinga isiyovaliwa hailindi kitu. Somo hili laeleza namna ya kuchagua kinga yenye kulinda meno, na yenye kukaa kinywani bila taabu. Mambo hayo mawili huenda pamoja.

2. Mpira mgumu na fimbo ngumu

Hoki ya kiwanjani huchezwa na timu mbili, kila moja ina wachezaji 11 kiwanjani. Kwa kawaida mmoja wao ni mlinda lango. Kila mchezaji ana fimbo iliyopindika kwenye ncha ya chini. Kwa fimbo hiyo husukuma mpira, au huupiga, ili uingie katika lango la timu nyingine. Ni marufuku kuusukuma mpira kwa mguu, isipokuwa kwa mlinda lango akiwa katika eneo lake.

Wabelgiji wanaupenda sana mchezo huu. Mwaka 1920 mashindano ya Olimpiki yalifanyika katika mji wao wa Antwerpen, nao wakawa wa 3 katika hoki. Mwaka 2018, huko Bhubaneswar katika Uhindi, wanaume wa Ubelgiji walipata Kombe la Dunia. Mwaka 2021, huko Tokyo katika Japani, walipata nishani ya dhahabu ya Olimpiki. Afrika nayo inaujua mchezo huu: Kenya ilikuwa ya 4 katika Kombe la Dunia la kwanza, lililochezwa Barcelona mwaka 1971.

Sasa tazameni mpira wenyewe. Haufanani na mpira wa miguu, wenye upepo ndani. Ni mdogo, karibu kama chungwa, lakini ni mgumu sana. Sheria za mchezo zasema kwamba uzito wake uwe kati ya gramu 156 na 163. Ni karibu kama mayai 3 ya kuku yaliyofungwa pamoja. Fimbo nayo ni ngumu, na uzito wake waweza kufika gramu 737.

Mchezaji mkubwa mwenye nguvu akiupiga mpira huo, waweza kupita mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Hesabuni: kilomita 100 kwa saa ni karibu mita 28 kwa sekunde moja. Mtu aliyesimama mbali mita 14 ana nusu ya sekunde tu. Nusu ya sekunde ni muda wa kufumba macho na kuyafumbua. Hawezi kufikiri, hawezi kukimbia.

Watoto hawapigi kwa nguvu namna hiyo. Hata hivyo mpira waweza kugonga fimbo na kuruka juu. Na mwenzako, akiinua fimbo yake bila kuangalia, aweza kukugonga usoni bila kukusudia. Kwa hiyo mlinda lango huvaa kofia ngumu yenye kufunika uso wote. Wachezaji wengine hawana kofia hiyo. Sheria za hoki za dunia nzima huwashauri wavae vikinga vya miguu na kinga ya meno. Katika Uholanzi wakubwa wa mchezo waliona kwamba shauri halitoshi. Tangu mwaka 2015 walifanya kinga ya meno kuwa amri katika mashindano yao.

3. Jino halirudi

Mtoto mdogo ana meno 20. Ndiyo meno ya utoto. Karibu na miaka 6 meno hayo huanza kung'oka, na meno mengine huota mahali pao. Mtu mzima mwenye meno yake yote ana 32.

Basi mtoto hupewa meno mara mbili tu. Mkono uliovunjika huungana. Ngozi iliyokatwa hufunga. Nywele zilizonyolewa huota tena. Lakini jino la ukubwa likivunjika, haliungani lenyewe; na likitoka, hakuna lingine la kuota mahali pake.

Mganga wa meno aweza kutengeneza jino jingine kwa ufundi wake. Ni kazi nzuri, lakini bei yake ni kubwa. Na jino hilo si sawa na lile la kwanza. Wazee walisema: «Jino la pembe si dawa ya pengo.» Maana yake, hata ukichonga jino la pembe ya tembo na kulitia mahali palipo wazi, halitakuwa jino lako.

Meno ya mbele ya juu ndiyo huumia zaidi, kwa sababu yametangulia. Mpira au fimbo ikija usoni, huyafikia kwanza. Kwa hiyo kinga huvaliwa kwenye meno ya juu.

4. Ngata kichwani, kinga kinywani

Kinga hufanya kazi gani? Tazameni mama anayebeba mtungi wa maji kichwani. Kwanza huzungusha kitambaa au majani, akafanya ngata. Kisha huweka mtungi juu yake. Pasipo ngata, uzito wote hukaa mahali padogo, na kichwa huuma. Penye ngata, uzito huenea, na kichwa kinaweza kuubeba. Lakini ngata nzuri ni ile iliyopimwa kwa kichwa. Ngata isiyokaa sawa huteleza, na mtungi huanguka.

Kinga ya meno ni hivyo hivyo.

Kwanza, hueneza nguvu ya pigo. Pigo lingalianguka juu ya jino moja; sasa laenea juu ya meno mengi, na kila jino hupata sehemu ndogo tu.

Pili, hukaa katikati ya meno na mdomo. Pasipo kinga, mdomo ukipigwa kwa nje hukatwa na meno kwa ndani.

Tatu, hukaa katikati ya meno ya juu na ya chini. Mtu akipigwa chini ya kidevu, meno yake hugongana kama nyundo na chuma. Kinga huzuia meno yasigongane, tena hulinda ulimi usiumwe.

Lakini inafaa kujua pia mambo ambayo kinga haiwezi. Wengi hufikiri kwamba kinga ya meno hulinda ubongo pia. Waganga hawajakubaliana wote juu ya jambo hilo. Mchezaji aliyepigwa kichwani, akaona kizunguzungu au akataka kutapika, sharti atoke kiwanjani mara moja na kupelekwa kwa mganga, hata kama alivaa kinga bora kupita zote.

5. Mwanzo wake

Kinga ya meno haikuanza katika hoki. Ilianza katika ndondi. Mwaka 1890 mganga mmoja wa meno wa London, jina lake Woolf Krause, alitafuta njia ya kulinda midomo ya wapiganaji wasikatwe na meno yao wenyewe. Alitumia guttapercha, yaani utomvu mgumu wa miti fulani ya Asia. Utomvu huo una tabia ya ajabu: ukitiwa katika maji ya moto hulainika, ukipoa, huwa mgumu tena na kushika umbo ulilopewa.

Siku hizi guttapercha haitumiwi tena kwa kinga. Kinga nyingi hufanywa kwa plastiki laini inayoitwa EVA. Lakini tabia ni ile ile: joto huilainisha, baridi huikazisha. Kwa tabia hiyo kinga huweza kufuata umbo la meno ya mtu.

6. Aina tatu za kinga

Turudi kwa mtoto yule. Mama yake aliokota kipande cha jino kilichoanguka, akakitia ndani ya maziwa, akampeleka mtoto kwa mganga wa meno upesi. Mganga alikisafisha kipande, akakigandisha mahali pake. Kisha aliuliza:

«Mwanangu, kinga yako ilikuwa wapi?»

Mtoto alitazama chini. Polepole aliivuta kutoka ndani ya soksi.

Mganga hakumkaripia. Aliichukua kinga, akaigeuza mkononi, akasema: «Mama, kinga hii haikutengenezwa kwa kinywa cha mtoto huyu. Haikutengenezwa kwa kinywa cha mtu yeyote.»

Kisha aliweka mezani kinga za aina tatu.

Aina ya kwanza ni kinga tayari. Hutoka kiwandani na umbo lake, na haligeuki. Bei yake ni ndogo. Lakini vinywa vya watu havifanani. Kinga hiyo haishiki meno. Mtu hukaza taya wakati wote ili isianguke. Ndiyo sababu kusema ni shida, na kupumua ni shida. Kinga ya mtoto yule ilikuwa ya namna hiyo.

Aina ya pili ni kinga ya maji ya moto. Hununuliwa dukani vilevile, lakini nyumbani hulainishwa katika maji ya moto, kisha huumwa ingali laini, nayo hupata umbo la meno. Bei yake si kubwa. Ikitengenezwa vizuri, huwafaa watoto wengi, hasa wale ambao meno yao yangali yanaota, kwa kuwa itabidi kubadili kinga mara kwa mara.

Aina ya tatu ni kinga ya kupimwa. Mganga wa meno huchukua chapa ya meno ya mtu. Humwaga plasta ndani ya chapa hiyo, na plasta ikikauka huwa mfano wa meno yake. Kisha fundi hupasha joto bamba la plastiki, akalivuta juu ya mfano ule hata likashika kila pembe ya kila jino. Kinga hiyo hukaa vizuri kupita zote, na mtu huweza kusema na kunywa akiwa ameivaa. Lakini bei yake ni kubwa, tena meno ya mtoto yakibadilika, itabidi kupima upya.

«Ipi ni nzuri, Bwana Mganga?» aliuliza mama.

«Kwa mtu mzima anayecheza kila juma, ya tatu. Kwa mtoto wako, ambaye meno yake hayajaisha kuota, ya pili yaweza kufaa, mkiitengeneza kwa uangalifu na kuijaribu. Ile ya kwanza mwiachie muuza duka.»

Kwa mtoto aliyefungwa nyuzi za chuma menoni ili meno yanyoke, jambo ni jingine. Huyo asitengeneze kinga nyumbani. Amwulize mganga wake kwanza, kwa sababu meno yake yanasogea, na kinga ya kawaida yaweza kunasa katika nyuzi.

7. Kuitengeneza kwa maji ya moto

Kazi hii ni ya mtu mzima, mtoto humsaidia. Maji ya moto huunguza.

Kwanza, someni karatasi iliyomo ndani ya kisanduku. Kila kiwanda kina hesabu yake ya muda na ya joto. Ifuateni karatasi hiyo, msifuate maneno ya jirani.

Pili, mtoto apige mswaki. Kisha aivae kinga kabla ya kuilainisha, ili kuona kama ni ya kipimo chake. Kuna kinga za watoto na kinga za wakubwa. Ikiwa ncha zake zinagusa nyuma sana, mtu mzima huzikata kidogo kwa makasi. Lakini kinga isiwe fupi: lazima ifunike meno ya mbele na kufika hata magego ya kwanza, kila upande.

Tatu, tieni kinga katika maji ya moto kwa muda ulioandikwa. Itoeni kwa kijiko, mwichovye kidogo katika maji ya baridi ili isiunguze kinywa, kisha mtoto aivae mara moja kwenye meno ya juu, mbele ya kioo. Mstari wa katikati ya kinga uwe sawa na katikati ya meno ya mbele.

Nne, mtoto aume polepole, bila nguvu. Hapa wengi hukosea. Wakiuma kwa nguvu, plastiki hukimbia, na mahali pa kutafunia hubaki pembamba kama karatasi. Kinga nyembamba hailindi. Unene wa milimita 3 au 4 hufaa.

Tano, akiwa ameuma, afyonze mate na hewa. Ulimi usukume kinga kwa ndani. Na vidole visukume midomo na mashavu kwa nje. Hivyo plastiki hushika meno pande zote.

Sita, tieni kinga katika maji ya baridi ili ikazike. Ikiwa haikukaa vizuri, kinga nyingi za namna hii huweza kulainishwa tena; karatasi itawaambieni kama inaruhusiwa.

8. Majaribio sita

Kinga haichaguliwi kwa rangi yake, wala kwa sababu mchezaji mashuhuri ana ya namna hiyo. Huchaguliwa kwa kujaribiwa. Haya ndiyo majaribio.

La kwanza: fungua kinywa wazi. Kinga nzuri hubaki juu, imeshika meno. Ikianguka, haifai. Pigo likija, kinga iliyolegea itakuwa imekwisha kuondoka mahali pake.

La pili: sema. Taja jina la mwenzako, hesabu toka 1 hata 10. Sauti itabadilika kidogo, lakini watu wakuelewe. Katika hoki wachezaji huitana wakati wote. Mtoto asiyeweza kuita, ataitoa kinga.

La tatu: pumua kwa kinywa, kisha kimbia mbio kuzunguka nyumba. Kama pumzi inazuiwa, haifai.

La nne: kunywa maji kidogo, na kumeza mate. Kama unataka kutapika, ncha za nyuma ni ndefu mno.

La tano: pitisha ulimi na kidole pembeni. Kusiwe na mahali pakali penye kukata ufizi. Tazameni hasa katikati, chini ya pua: hapo pana kishipa kidogo kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi. Kinga ikatwe kidogo mahali hapo, isikisugue.

La sita: uma polepole. Meno ya chini ya kushoto na ya kulia yaguse kinga kwa pamoja. Kama upande mmoja hugusa kwanza, taya litachoka na kuuma.

Kisha vaa kinga nyumbani kwa muda wa robo saa, ukifanya kazi ndogo ndogo. Siku za kwanza mate huwa mengi, na kinywa huona kitu kigeni. Hiyo si alama ya kinga mbaya. Ni desturi tu, nayo hupita. Lakini maumivu si desturi. Kinga inayouma baada ya siku chache sharti itengenezwe upya.

Na rangi? Rangi ni jambo la mwisho. Lakini rangi kali ina faida moja: kinga ikianguka kiwanjani, huonekana upesi.

9. Kuitunza

Kinga chafu huleta harufu mbaya na vijidudu. Kabla ya kuivaa na baada ya kuitoa, ioshe kwa maji safi ya baridi. Isugue kwa mswaki na sabuni kidogo, kisha iondoe sabuni yote kwa maji. Usitumie maji ya moto, la sivyo itapoteza umbo. Ikauke, kisha iwekwe katika kisanduku chenye matundu ya kupitisha hewa.

Usiiache juani wala ndani ya motokari iliyofungwa. Usiitafune kama muwa: kila ukitafuna, unaipunguza unene. Usimwazime mwenzako, hata ndugu yako wa tumbo moja. Kwa sababu ya mate, na kwa sababu kinga ya kinywa chako haiwezi kukaa katika kinywa chake.

Itazame kila mwanzo wa majira ya mchezo. Ikipasuka, ikiwa nyembamba, ikilegea, au jino jipya likiota na kukosa nafasi, tafuta nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

10. Jino likitoka

Hata penye kinga, mambo mabaya huweza kutokea. Na mtoto huweza kuanguka njiani au juu ya mti, mahali pasipo na kinga. Kwa hiyo kila mtu ajue maneno haya, hata yule asiyecheza hoki.

Jino la utoto likitoka, msilirudishe mahali pake. Mwaweza kuharibu jino la ukubwa linalongoja chini yake. Mpelekeni mtoto kwa mganga.

Jino la ukubwa likitoka zima, litafuteni upesi. Lishikeni kwa kichwa chake cheupe, msiguse mzizi. Kama limechafuka, lipitisheni mara moja katika maziwa au maji safi, bila kulisugua. Kisha lirudisheni mahali pake, mtoto aume kitambaa safi, mwende kwa mganga wa meno.

Kama haiwezekani kulirudisha, litieni katika maziwa. Kama maziwa hakuna, mtoto ateme mate katika kikombe safi, na jino liwekwe humo. Lisikauke, wala lisifungwe ndani ya karatasi. Lisikae muda mrefu katika maji. Kila dakika ina thamani: jino lililorudishwa mapema, kabla ya saa moja kupita, laweza kushika tena. Lililokauka mfukoni haliwezi.

11. Jumamosi iliyofuata

Mtoto yule na mama yake walinunua kinga ya maji ya moto, ya kipimo cha watoto. Waliitengeneza jikoni, mbele ya kioo kidogo. Mara ya kwanza ilikaa upande. Waliilainisha tena. Mara ya pili mtoto alifungua kinywa, nayo haikuanguka. Alihesabu hata 10. Alikimbia kuzunguka nyumba. Kisha alilala chali sakafuni, akaanza kuimba akiwa ameivaa, mpaka mama akacheka.

Mdomo ulipopona, mganga alimruhusu kurudi kiwanjani. Ukimtazama jinsi anavyocheka, utaona mstari mwembamba katika jino lake, mahali pale kipande kilipogandishwa. Mstari huo hautafutika. Lakini kinywani mna kinga, nayo imekaa. Anamwita mwenzake kwa sauti, na mwenzake anasikia. Mwalimu wa mchezo amegeuka, anatazama upande mwingine. Mtoto haitoi. Hana sababu ya kuitoa.

Maulizo

1. Kwa nini mtoto aliificha kinga ndani ya soksi? Kosa la kwanza lilifanyika wapi?
2. Mpira wa hoki una uzito gani? Tafuteni nyumbani kitu chenye uzito kama huo.
3. Mpira ukienda mita 28 kwa sekunde moja, utakwenda mita ngapi kwa nusu sekunde?
4. Kinga ya meno yafanana namna gani na ngata?
5. Tajeni aina tatu za kinga. Ipi haibadili umbo lake?
6. Kwa nini haifai kuuma kwa nguvu kinga ingali laini?
7. Elezeni majaribio sita kwa maneno yenu wenyewe.
8. Jino la ukubwa likitoka zima, mtafanya nini? Na jino la utoto je?
9. Elezeni maana ya methali: «Jino la pembe si dawa ya pengo.»